Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi kama petroli

Madereva wengi wa Kisumu huamini kwamba gesi ya kiyoyozi hutumika ikaisha, hivyo joto la Januari linapozidi, hununua kopo na kuijaza wenyewe nyumbani. Ukweli ni kwamba gesi hiyo, ambayo katika magari mengi ni R-134a, huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa bila kuchomwa. Ikipungua hadi hewa isipoe, imevuja mahali, mara nyingi kwenye mpira wa kiungio au kwenye kondensa, yaani sehemu inayopoza gesi, iliyo mbele ya rejeta, ambako mawe ya barabarani hugonga, na doa la mafuta yanayotoka pamoja na gesi, lililoshika vumbi, huonyesha penye tundu. Geji ya kopo hupima shinikizo la upande mmoja tu, nalo hubadilika kufuatana na joto la siku, kwa hiyo haiwezi kukuambia zimo gramu ngapi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu gesi ikizidi, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi hiyo, hulemewa na huweza kuharibika. Fundi mwenye vifaa huziba tundu kwanza, hufyonza hewa na unyevu, kisha hupima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti.