Mtoto anayeandika "kupiga kula" hana tatizo la masikio

Mama mmoja alinijia akiwa na mwanawe wa darasa la pili na daftari la imla lililojaa kalamu nyekundu. "Baba amekwenda kupiga kula." "Bibi harusi amelipiwa mahali." Mtoto alikuwa ameshaadhibiwa kwa uzembe, na kila aliposimama kusoma wenzake walimcheka. Mama alikuwa na hofu moja tu. "Daktari, mwanangu hasikii?"

Nilimpima. Masikio yalikuwa mazima; aliinua mkono hata kwa milio hafifu kabisa ya mashine. Ndipo nikaweka mezani picha mbili, sahani ya wali na sanduku la kura. Nikaziba mdomo kwa karatasi ili asiusome, nikawa nataja "kula" na "kura" bila mpangilio. Mtoto alinyoosha kidole nusu njia, akaniangalia usoni, akakihamishia kwenye picha ya pili, akaniangalia tena. Alikuwa anabahatisha, na alijua kwamba anabahatisha.

Sisi wa saikolojia tunatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida watu huyaita kwa jina moja, kusikia. La kwanza ni hisi. Sauti hutikisa ngoma ya sikio, mtikisiko ukafika sikio la ndani lenye umbo la konokono, na huko seli zenye vinyweleo, kama 3,500 hivi katika safu inayofanya kazi kubwa zaidi, huugeuza kuwa ishara za neva. La pili ni utambuzi: ubongo kuzipokea ishara hizo na kuamua kwamba hii ni sauti fulani. Ubongo hauamui hivihivi. Una mafungu uliyojiwekea mapema, na mafungu hayo hutoka katika lugha anayolelewa nayo mtu.

Nyumbani kwa mtoto huyu wanazungumza Kikuyu, lugha ambayo alfabeti yake haina l. Lugha nyingi za Kibantu, kwa namna moja au nyingine, hazitenganishi l na r. Mfano ninaoupenda ni wa Kiganda. Neno lao la moto ni *omuliro*: l na r zote zimo, lakini kwao hizo ni sura mbili za sauti moja. Baada ya i au e hutoka r, kwingineko hutoka l. Msemaji huzitoa zote mbili kutwa nzima, kila moja mahali pake, bila kuona kwamba ametamka vitu viwili.

Utafiti unaonishawishi zaidi juu ya jambo hili ulichapishwa mwaka 1975 na Miyawaki na wenzake, wakilinganisha Wajapani na Wamarekani. Kijapani hakitenganishi r na l za Kiingereza. Walipopewa silabi kamili, Wajapani walishindwa kuzitofautisha vizuri. Watafiti wakachomoa kile kipande cha sauti kinachobeba tofauti hiyo, wakakisikilizisha peke yake, bila maneno. Hapo Wajapani walifanya sawa na Wamarekani. Masikio yaleyale, tofauti ileile. Ilipoacha kuwa lugha, wakaisikia. (R ya Kiingereza si r yetu ya kupigapiga ulimi, kwa hiyo vipimo vyao siwezi kuvihamishia kwetu moja kwa moja. Utaratibu wa ubongo, hata hivyo, ni mmoja.)

Na hatuzaliwi hivyo. Mwaka 2006 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kijapani na wa Kimarekani wa miezi 6 hadi 8 huzitofautisha r na l kwa kiwango kilekile. Kufikia miezi 10 hadi 12, wa Kimarekani wameongeza uwezo, wa Kijapani wamepungukiwa. Kabla mtoto hajasema sentensi hata moja, ubongo wake umeshachagua sauti za kushughulika nazo.

Nawaomba walimu wanaocheka wajipime kwanza. Mswahili wa Mombasa au Lamu aliyekulia lahaja yake hutamka *paa* la nyumba tofauti na *paa* mnyama. Yule mnyama hutamkwa kwa pumzi. Ukiweka kipande cha karatasi mbele ya midomo yake, kinapeperuka. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Wengi wetu wa bara tumeishi na maneno haya miaka yote na tofauti hiyo hatujaisikia hata mara moja. Hakuna aliyetuchapa kwa sababu yake.

Utambuzi hufundishika, hata ukubwani. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwazoeza Wajapani watu wazima kwa jozi za maneno yaliyosemwa na watu tofautitofauti, wakiambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa, na uwezo wao ukapanda. Utafiti wa Bradlow na wenzake wa 1997 ukaongeza jambo lililobadilisha kazi yangu: waliozoezwa kusikia tu, matamshi yao nayo yaliboreka, ingawa hawakufundishwa kutamka.

Kwa hiyo simwambii mtoto "kunja ulimi hivi". Ninampa sikio kazi. Kwa mtoto huyu tulirekodi kwenye simu jozi chache, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, kwa sauti za watu wengi kadiri ilivyowezekana: mjomba, jirani aliyekulia Mombasa, dada wa dukani, mimi. Sauti ya mtu mmoja haitoshi, kwa sababu mtoto hukariri sauti ya mtu huyo badala ya kujifunza tofauti. Dakika kumi jioni, anasikia, anaonyesha picha, anajibiwa mara moja. Hakuna kofi, hakuna kicheko.

Waliporudi, kidole chake hakikuwa kinasitasita tena kwa *kura*. *Mahari* bado ilimsumbua. Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni kimya, akavuta kiti karibu na meza. "Daktari, na mimi nijaribu."