Bushi za Mbele za Peugeot 504: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaotunza Peugeot 504 nchini Kenya wanaijua historia ya gari lao kuliko wanavyokijua kilicho chini yake. Watakueleza kwamba lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, kwamba lilichaguliwa kuwa gari bora la mwaka 1969 barani Ulaya, kwamba lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson na tena mwaka 1978 likiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, na kwamba yale marefu ya safu tatu za viti yaliwabeba abiria kwa miaka mingi katika barabara za Bonde la Ufa. Ukiwauliza ni kwa nini gari hilohilo linagonga kila likifunga breki, watajibu kwa haraka kwamba shokapu zimekwisha. Mara nyingi shokapu hazina kosa. Kosa liko kwenye vipande vidogo vya mpira vinavyoushika mkono wa chini wa gurudumu kwenye boriti ya mbele, ambavyo mafundi wetu huviita bushi na Wafaransa huviita silentbloc, na kuhusu vipande hivyo nimesikia gerejini mambo mengi yasiyo ya kweli.

Karibu makosa yote yana chanzo kimoja: bushi hudhaniwa kuwa aina ya beringi, na sivyo. Ndani yake mna bomba dogo la chuma ambamo bolti hupita. Nje yake mna ganda la chuma lililoshindiliwa kwenye tundu la mkono. Katikati mna mpira ulioshikamanishwa kiwandani na vyuma hivyo viwili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa likawa kitu kimoja na boriti. Ganda la nje nalo tayari ni kitu kimoja na mkono. Gurudumu linapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza juu ya kingine, kwa kuwa mpira wenyewe ndio unaojisokota na kujirudisha. Atakayelishika jambo hili moja atayafahamu yote yanayofuata bila shida.

Dhana: Gari likigonga mbele, badilisha shokapu.

Shokapu iliyochoka huliacha gari likiyumba juu na chini baada ya tuta, kama mtumbwi uliopitwa na wimbi. Bushi iliyokufa hutoa mlio mwingine: pigo moja zito, la chini, unapokanyaga breki au unapoliondoa gari kutoka mahali liliposimama, kwa sababu mkono umepata nafasi ya kurudi nyuma na kusonga mbele. Pamoja na mlio huo utaona usukani unaohitaji kusahihishwa kila wakati barabarani, na tairi linalolika upande mmoja.

Kulitikisa gurudumu kwa mikono likiwa limening'inia kunafichua ubovu wa beringi, wa bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha mkono na gurudumu) na wa tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), lakini kunaweza kuipita bushi mbovu bila kuiona. Kinachofaa ni kuliweka gari juu ya stendi imara, kuingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono na boriti, na kuusukuma mkono taratibu huku jicho likiwa kwenye mpira. Bushi nzima huonyesha ukinzani na hurudi mahali pake. Kwenye gari langu, upande wa kushoto, mkono ulihama zaidi ya nusu sentimita ukabaki hukohuko, na mpira ulipokwisha kutolewa nje ulikuwa umeachana kabisa na bomba la ndani. Sehemu iliyokuwa imegusana nalo ilikuwa nyeusi, laini na inayong'aa kama jiwe la mtoni. Bomba lenyewe lilianguka mkononi mwangu bila kuvutwa. Nyufa ndogo za juu ya mpira pekee si hukumu ya kifo, kwani mpira wa miaka mingi hupasuka ngozi. Kuachana kwa mpira na chuma ndiko kunakoamua.

Dhana: Alaimenti itamaliza tatizo.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, ni kipimo kinachochukuliwa gari likiwa limetulia, na bushi iliyochakaa haitulii. Tuchukue mfano ili uzito wa jambo uonekane. Iwapo bushi inauruhusu mwisho wa chini wa gurudumu uhame milimita 2 kwenda pembeni, na tairodi imeshika sentimita 15 kutoka kwenye mhimili ambao gurudumu hugeukia, basi gurudumu litageuka kwa takriban robo tatu ya digrii pasipo dereva kuugusa usukani. Kwenye rimu ya inchi 14, ambayo ndiyo ya 504, huko ni kupotoka kwa karibu milimita 5 kati ya ukingo wa mbele na ule wa nyuma. Mizani ya alaimenti husomwa kwa milimita moja moja, kwa hiyo fundi aliyekurekebishia gari lenye bushi za namna hiyo amerekebisha mahali ambapo gurudumu lilisimama kwa bahati tu asubuhi hiyo. Ukifunga breki mara ya kwanza, hesabu yote imebadilika. Alaimenti ni ya lazima, ila nafasi yake ni baada ya bushi, na pesa inayolipwa kabla ya hapo ni pesa iliyotupwa.

Dhana: Bushi inayolia ipakwe grisi au oili.

Hili linafanywa kwa nia njema na linaharibu kabisa. Grisi ya kawaida na oili ya injini hutokana na mafuta ghafi, na mpira wa asili ukikutana navyo hunywa, huvimba, hulainika na kuachana na chuma. Mlio utanyamaza kwa siku kadhaa, na hapo ndipo mwenye gari husadiki kwamba amepona. Ikumbukwe tena kwamba ndani ya bushi ya aina hii hakuna sehemu inayopaswa kuteleza. Kama inalia, ni kwa kuwa kitu kimekwisha kuachana, na hakuna mafuta yatakayokiunganisha. Kwa sababu hiyohiyo, oili inayovuja kutoka injini na kudondokea boriti izibwe kabla ya kufunga bushi mpya.

Dhana: Kaza nati zote gari likiwa juu ya jeki, kisha lishushe.

Kama ningepewa nafasi ya kulisahihisha kosa moja tu katika magereji yetu, ningelichagua hili. Fundi ameingiza bushi mpya kwa ustadi, amerudisha mkono, gurudumu linaning'inia, na kwa kuwa spana iko mkononi anakaza bolti hadi mwisho. Papo hapo bomba la ndani limefungwa katika pembe ya gurudumu linaloning'inia. Gari likishushwa, mkono hupanda, na mpira husokotwa ungali mpya.

Hesabu yake si ngumu. Mkono wenye urefu wa sentimita 35 ambao mwisho wake unashuka sentimita 10 gari linapoinuliwa hugeuka kwa zaidi ya digrii 16. Maana yake ni kwamba gari likiwa limeegeshwa tu, usiku kucha, mpira umesokotwa digrii 16. Likikutana na tuta linaloupandisha mkono sentimita 8 zaidi, msokoto hukaribia digrii 30, ilhali bushi iliyokazwa ipasavyo ingesokotwa digrii 13 tu kwa tuta hilohilo. Mpira ule hautadumu. Bushi zangu za kwanza, zilizofungwa na gereji ambayo siitaji kwa jina, zilichanika kabla ya miezi minne kwisha, nami nikamlaumu muuza vipuri. Nilimlaumu bure. Mpira ulikuwa mzuri. Pande zote mbili ulikuwa umechanika kwa mzunguko mmoja unaofanana, kama kitambaa kilichokamuliwa, na bushi duni haichaniki hivyo. Kosa hili lina udanganyifu mwingine pia: mpira uliosokotwa hulisukuma gari juu kidogo, mwenye gari akafurahi kuona limesimama vizuri.

Namna sahihi ni hii. Kabla ya kuliinua gari, likiwa kwenye sakafu ya usawa, pima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi na uandike kwa chaki pande zote mbili. Wakati wa kurudisha mikono, kaza bolti kiasi cha kushika tu. Lishushe gari kwenye magurudumu, libonyeze mara kadhaa, lisukume mbele na nyuma mita chache ili matairi yaachie mkazo wa pembeni, kisha ingia kwenye shimo la gereji na ukaze mwisho, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha kiwanda. Asiye na shimo anaweza kuegemeza gari juu ya stendi, akaweka jeki chini ya mwisho wa nje wa mkono, akaupandisha taratibu mpaka kipimo cha chaki kirudi, akakaza hapo. Kazi inaongezeka kwa nusu saa hivi.

Dhana: Aliyewahi kufungua bushi za gari moja anaweza kuzifungua za gari lolote.

Hapa si bushi tena, ni uhai wa mtu. Kwenye 504 springi imeshikwa juu ya nguzo ya shokapu yenyewe, hivyo mkono wa chini unaweza kutolewa bila springi kufyatuka. Kwenye Mercedes-Benz W123, gari jingine la enzi hizo ambalo bado lipo kwa wingi, springi imekaa juu ya mkono wa chini moja kwa moja, na mkono huo ndio unaoizuia. Atakayefungua bolti zake kwa mazoea ya Peugeot, bila kifaa maalumu cha kuibana springi, atakutana na chuma kinachotoka kwa nguvu ya kutosha kuua. Kwa gari lolote jipya kwako, angalia kwanza springi imeegemea nini, ndipo ushike spana. Na jeki peke yake si kitegemeo.

Dhana: Bushi za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, ni bora kuliko mpira, kwa kuwa ni ngumu na hazifi.

Poliyurethani hailiwi na oili wala haiharibiwi na jua kwa wepesi, hilo ni kweli, na katika gari la mashindano ugumu wake una faida. Lakini bushi nyingi za aina hiyo hazikushikamanishwa na chuma. Bomba la ndani huzunguka ndani yake, kwa hiyo hizo ndizo zinazohitaji grisi, tena ya silikoni, na zikikauka hulia kama mlango wa zamani. Aidha, mpira hukubali mkono upinde kidogo kila upande, wakati plastiki ngumu huukatalia na kuupeleka mkazo huo kwenye bolti na kwenye boriti. Gari la 504 lilipendwa katika barabara mbovu kwa sababu ya ulaini wake na mwendo mrefu wa magurudumu yake. Kulifunga bushi ngumu ni kuliondolea kitu ambacho watu walilinunulia. Waingereza wenye MGB, gari dogo la michezo la kwao, wana mfano mzuri wa njia ya kati: wengi wao huzitoa bushi za mpira mtupu na kuweka zile za MGB GT V8 iliyotengenezwa kati ya mwaka 1973 na 1976, ambazo nazo ni za mpira, ila zina bomba la chuma ndani. Kiwanda kilipotaka uimara zaidi kiliboresha muundo, hakikuutupa mpira.

Yapo mengine yanayohitaji maneno machache. Bushi iliyokaa rafuni miaka 40 ndani ya boksi lake la asili si mpya, kwa kuwa hewa na joto huuzeesha mpira hata usipotumika. Ibonyeze kwa ukucha, na ikiwa ngumu kama kwato, iache. Kuichoma bushi ya zamani kwa moto ili itoke kunaleta moshi wa sumu na kuunguza mpira wa bol jointi iliyo karibu, na hakuna sababu ya kufanya hivyo iwapo kuna presi, au hata vaisi kubwa na vipande viwili vya bomba vyenye kipenyo sahihi. Kuigandisha bushi mpya kwenye friza kunasaidia, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani: ganda la chuma lenye kipenyo cha milimita 40 likipoozwa kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri hupungua milimita 0.02 tu, basi bado utahitaji kusafisha tundu, kuisimamisha bushi wima na kusukuma ganda la nje peke yake. Ukisukuma bomba la ndani au mpira, umeichana kabla haijaonja barabara.

Bushi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzima, kwani tofauti ya ulaini kati ya kushoto na kulia hulivuta gari wakati wa breki. Baada ya kazi liendeshe kilomita mia chache katika barabara zako za kawaida, urudi shimoni kukagua nati zote, kisha ndipo ulipeleke kwenye alaimenti, ukiwa na matairi yenye upepo sawa na tangi lenye mafuta.