Mashine kuhukumu uzuri wa muziki: dhana na ukweli

Dhana: hakuna mashine inayoweza kuhukumu muziki.
Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1957, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson walitumia kompyuta ya ILLIAC, huko Illinois, Marekani, kutunga muziki wa ala nne za nyuzi. Kompyuta ilichagua noti kwa kubahatisha, kisha ikaikagua: iliyovunja kanuni za utunzi ilitupwa, ikatafutwa nyingine. Ila ukaguzi huo hunasa makosa tu, na muziki usio na kosa unaweza kuchosha vibaya sana.

Dhana: ukishapata kanuni ya hesabu, umepata kipimo cha uzuri.
Dhana hii ndiyo inayopotosha wengi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwaka 1975, wanafizikia Richard Voss na John Clarke walionyesha kuwa mabadiliko ya sauti katika muziki huwa kati ya vurugu tupu na mwendo unaotabirika mno. Walipotunga melodia kwa kubahatisha, wasikilizaji wengi walipendezwa zaidi na zile za katikati.

Lakini chukua melodia unayoipenda, uipige kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kila noti imejitokeza mara zilezile, na mruko wa kila noti kwenda jirani yake una ukubwa uleule. Kipimo kinachohesabu hayo tu kitaipa alama ileile. Sikio halidanganyiki hivyo: noti iliyokuwa ya kutulia sasa ndiyo inayoanza, na jibu limetangulia swali. Uzuri mwingi wa muziki umo katika kungojea kitu, kisha kukipata au kukikosa.

Dhana: alama ya juu maana yake wimbo ni mzuri.
Inategemea alama hiyo imetoka wapi. Kipimo kiitwacho Fréchet Audio Distance hulinganisha rundo la sauti zilizotungwa na mashine na rundo la sauti za mfano. Kinapima ufanano wa marundo hayo, wala hakikukusudiwa kuhukumu wimbo mmoja. Programu zilizofunzwa kwa alama za wasikilizaji, nazo hurithi masikio ya wasikilizaji hao. Kama hawakuzoea maqam, yaani mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu, robo-toni zake (noti zinazoangukia kati ya noti za piano) huenda zikahesabiwa kuwa sauti zilizopotoka.

Binafsi naona mashine inafaa kuchuja: itupe maelfu ya vipande vibovu ambavyo hakuna mtu angepata muda wa kuvisikiliza. Na kila inapotoa alama, tuambiwe ilifunzwa kwa masikio ya nani.