Jina la Stradivarius ndani ya fidla kuukuu halithibitishi chochote

Swali ni lile lile, na safari hii limekuja na picha iliyopigwa kupitia tundu la f, lile lenye umbo la herufi f kwenye uso wa fidla: kikaratasi cha njano chenye maneno ya Kilatini, "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721". Msafiri yuko kwenye mji mkubwa, ameikuta fidla hiyo katika soko la vitu vikuukuu, muuzaji anamharakisha, naye anauliza kama atoe pesa. Mimi ni fundi wa fidla, na jibu langu ni hapana. Kwa kuwa hapana tupu haijawahi kumridhisha mtu, leo naeleza kwa urefu.

Antonio Stradivari, fundi wa fidla ambaye jina lake kwa Kilatini ni Stradivarius, alifariki katika mji wa Cremona, Italia, mwaka 1737. Ala zake zilizobaki duniani ni kama 650, na karibu kila moja inajulikana: imepigwa picha, imepimwa, na majina ya wamiliki wake yamehifadhiwa. Upande wa pili kuna fidla za biashara za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilizotoka Markneukirchen katika Saxony, Schönbach huko Bohemia (leo mji huo unaitwa Luby na uko Czech) na Mirecourt nchini Ufaransa. Huko Saxony na Bohemia kazi iligawanywa: huyu anachonga vichwa tu, yule migongo, mwingine anaunganisha. Fidla zilitoka kwa maelfu na maelfu, nyingi zikiwa na jina la Stradivarius ndani. Mwanzoni haukuwa ulaghai. Jina lilionyesha umbo lililofuatwa, na mnunuzi aliyeagiza kwa katalogi alijua analipia nini. Baadaye risiti zikapotea, vikaratasi vikabaki, na warithi wakabaki na jina lisilo na maelezo.

Mara nyingine kikaratasi chenyewe hutoa siri. Kikiwa na neno "Germany" chini, kwa kawaida fidla imetengenezwa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyolazimu bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. "Czechoslovakia" haikuwapo kabla ya 1918. Lakini maneno hayo yakikosekana, usifurahi. Si kila fidla iliuzwa Marekani, na karatasi hukatwa, hubanduliwa na kuhamishwa. Hata karatasi halisi ya Stradivari inaweza kubandikwa ndani ya fidla ya fundi mwingine.

Kinachonikera zaidi ni hatua inayofuata. Mtu akishakubali kwamba karatasi haina maana, anasema: basi nitapeleka mbao zikapimwe umri, na mashine itamtaja fundi. Haitamtaja. Kinachopimwa ni mizunguko ya ukuaji wa mti kwenye uso wa fidla, ambao ni wa sprusi. Upana wa mizunguko hiyo hulinganishwa na mfululizo ambao miaka yake inajulikana, na jibu linalopatikana ni mwaka wa mzunguko wa mwisho uliobaki kwenye ubao. Maana yake ni kwamba mwaka huo mti ulikuwa bado hai, kwa hiyo fidla haiwezi kuwa imetengenezwa kabla yake. Imetengenezwa miaka mingapi baadaye? Kipimo hakijui. Fundi huipunguza mizunguko ya nje anaponyoosha ubao kabla ya kuunga nusu mbili za uso, kisha mbao hukaa zikikauka kwa miaka. Nani alitengeneza? Hapo ndipo kipimo hakijui kabisa. Mafundi wawili waliochukua mbao kwa mfanyabiashara mmoja watatoa majibu yanayofanana. Nguvu ya kipimo iko kwenye kukanusha: fidla inayodai 1721 ikikutwa na mzunguko wa 1840, ubishi umekwisha.

Chukua fidla iitwayo Messiah, ya 1716, iliyoko katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulizuka ubishi mkali kama kweli ni kazi ya Stradivari. Wapimaji walikuta mizunguko ya mwisho ni ya miaka ya 1680, jambo linaloafikiana na mwaka 1716. Kuafikiana si kuthibitisha mkono wa mtu. Mkono hutambuliwa kwa macho ya watu walioshika ala nyingi. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: cheti cha utambulisho wa fidla, hata kile kinachoheshimiwa kuliko vyote, ni maoni ya mtaalamu. Maoni hubadilika. Fidla ile ile huuzwa kwa jina moja, na kizazi kinachofuata kikaipa jina jingine. Hilo linanisumbua, na bado sina njia bora ya kupendekeza.

Tuje kwenye mbao. Beba tochi ya simu, kioo kidogo cha daktari wa meno na utepe wenye milimita. Omba ruhusa kabla ya kuingiza chochote ndani ya fidla ya mtu.

Anza na ule ukanda mwembamba mweusi, mweupe, mweusi unaozunguka kingo. Kwenye kazi nzuri ni vipande vitatu vya mbao vilivyozamishwa kwenye mfereji. Stradivari alitumia peasi iliyotiwa weusi kwa pande mbili na popla katikati. Kwenye fidla za bei ya chini mara nyingi ni mistari iliyokwaruzwa au kuchorwa kwa wino. Lenga mwanga kutoka ubavuni, uangalie pembe nne ambako vipande vinakutana. Mbao zitaonyesha kiungio, lakini wino utakuwa umepaka tu juu.

Kisha ingiza kioo kwa ubavu kupitia tundu la f, ukigeuze kuelekea pembe za ndani. Mafundi wa Cremona walijenga mbavu kuzunguka kalibu ya ndani, kwa hiyo kila pembe ilikuwa na kipande kizima cha mbao, na vijiti vya kuimarisha mbavu za kiunoni vilichomekwa ndani ya vipande hivyo. Fidla nyingi za Saxony zina pembe tupu, au kijibao kimebandikwa kuifunika nafasi ili anayechungulia adhani pamejaa. Tazama pia ule mwamba mrefu ulio chini ya uso, upande wa uzi mnene. Ukiuona umechongwa kutoka kwenye ubao ule ule wa uso badala ya kugundishwa, ni alama ya kazi ya haraka na ya bei ya chini. Pembe zilizojaa, kwa upande wake, hazithibitishi Cremona, maana mafundi wengi wazuri wa nchi nyingine walijenga hivyo, na vipande vinaweza kuongezwa baadaye.

Shingo ndiyo inayowapoteza wengi. Fidla za zama za Stradivari zilikuwa na shingo fupi kidogo kuliko za leo, iliyopigiliwa misumari kutoka ndani ya mwili. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 karibu zote zilibadilishwa: kichwa cha zamani kilikatwa na kuungwa na shingo mpya. Kwa hiyo kwenye fidla ya kweli ya 1721 unatarajia kuona kiungio kwenye kuta za kisanduku cha vigingi, vile vinavyokaza nyuzi. Wauzaji wanalijua hilo, na hukuonyesha mstari kwa kidole: "Tazama, shingo imeungwa!" Viwanda navyo vililijua, vikakwaruza mstari wa uongo. Usiangalie mstari, angalia nyuzi za mbao zinazoukatiza. Kiungio cha kweli hukutanisha miti miwili, kwa hiyo nyuzi na yale mawimbi ya mepo, mti unaochongewa shingo, hukatika pale pale. Mstari wa uongo utauona umepita juu ya mawimbi yanayoendelea bila kuvunjika.

Vanishi nitaipita upesi. Uchakavu wa kweli hutokea mwili wa mpigaji unapogusa: kwenye ubavu wa juu upande wa uzi mwembamba, ambako mkono hupanda na kushuka, na karibu na kidevu. Weusi uliopakwa sawasawa kuzunguka kingo zote, katikati pakiachwa peupe, ni kazi ya brashi.

Jicho la kuyaona haya halipatikani kwa kusoma, na mji mkubwa ndio mahali pa kulifundisha. Ndiyo maana nasisitiza: makumbusho kwanza, soko baadaye. Metropolitan Museum ya New York ina Stradivari iitwayo Gould, ya 1693, iliyorudishwa kwenye hali yake ya awali. Ilinganishe na nyingine zilizobadilishwa, na suala la shingo utalielewa kwa dakika tano. Hapo hapo kuna piano ya Bartolomeo Cristofori ya 1720, kongwe kuliko piano zote zilizobaki. Usiondoke bila kuiona. London, makumbusho ya Royal Academy of Music yanahifadhi Stradivari iitwayo Viotti, ya 1709. Paris, Musée de la musique kule La Villette wana iitwayo Davidoff, ya 1708. Madrid, Jumba la Kifalme lina Stradivari zilizonakshiwa. Hakikisha mapema kwamba ukumbi uko wazi na ala yenyewe ipo, kwa sababu kumbi hufungwa kwa matengenezo na ala huazimwa. Ukifika, inama mpaka macho yawe usawa wa kingo uone mwinuko wa uso na mgongo. Fidla mbili kwa saa nzima zinafundisha kuliko arobaini za kupita mbele yake.

Baada ya makumbusho nenda kwa mafundi. Paris, mtaa wa rue de Rome una maduka kadhaa yaliyokaribiana. Piga simu kuomba miadi, vua pete na mkanda wenye bizimu, shika fidla kwa shingo, na usiguse vanishi. Omba uonyeshwe fidla ya kawaida ya Markneukirchen. Fundi anayependa kazi yake atakufungulia mengi kwa ombi hilo.

Wengine hukimbilia sauti: "Lakini inalia vizuri mno!" Sauti haitambulishi fundi. Mwaka 2010, Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz, fundi wa fidla Joseph Curtin na wenzao waliwapa wapiga fidla 21 fidla sita wakiwa wamevaa miwani myeusi: tatu mpya, Stradivari mbili na moja ya Guarneri, fundi mwingine wa Cremona. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari. Waliopinga walisema chumba cha hoteli na dakika chache havitoshi, na kwa kiasi fulani nakubaliana nao. Naamini mpigaji aliyekaa na ala kwa miezi hugundua mambo ambayo jaribio kama hilo haliyashiki. Siwezi kuyathibitisha.

Ukishaliacha jina, huenda mbele yako kuna fidla nzuri tu ya kupiga, na zipo nyingi za Saxony za namna hiyo. Ipime kama ala. Mgongo wa fidla kamili ni takriban milimita 355. Kutoka ukingo wa juu wa uso hadi kikato cha ndani cha tundu la f ziwe 195, na shingo iwe 130. Rula iliyolazwa juu ya ubao wa vidole na kufikishwa darajani, kile kibao kinachoinua nyuzi, igote kwenye kimo cha karibu milimita 27. Ikiwa chini sana, shingo imelala na itabidi ifunguliwe. Gonga kingo kwa kifundo cha kidole, na panapotoa mlio mkavu wa kutetema gundi imeachia. Gundi ni kazi ndogo. Ufa wa mgongoni, pale kinaposimama kile kijiti cha ndani chini ya daraja, ni jambo jingine: ukarabati wake ni mrefu na thamani huporomoka. Ukiuona, rudisha.

Mwisho ni upinde unaokuja ndani ya kasha, ambao wanunuzi huusahau hadi wafike mpakani. Ncha yake inaweza kuwa ya pembe ya ndovu, kishikio kikawa cha gamba la kasa, na fimbo yenyewe ikawa ya pernambuko, mti wa Brazili ulio tangu 2007 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ala zilizokamilika za Dalbergia, jamii ya miti ambayo mpingo wa klarineti ni mmojawapo, zilisamehewa vibali mwaka 2019, isipokuwa zenye mti wa Dalbergia nigra. Pembe na gamba la kasa hazikusamehewa. CITES ina cheti cha ala ya muziki cha miaka mitatu, lakini ni cha mwenye ala anayesafiri nayo kisha akarudi nayo. Hakifuniki ununuzi wa kuvuka mpaka, ambao huhitaji vibali vyake. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kila kitu kilichotumika kwenye upinde. Akishindwa, nunua fidla peke yake, upinde uuache mezani.