Bushi ya shafti hainywi grisi

Juzi nimeletewa tena kazi ya bushi, ile inayoshika shafti ya propela chini ya chombo. Nahodha wa yoti moja hapa Mtwapa amenisimamia kichwani, pampu ya grisi mkononi, ananiambia: "Fundi, safari hii ijaze vizuri. Ile ya mwisho uliiweka kavu."

Niliiweka kavu makusudi. Hii sasa ni bushi ya tatu ndani ya miaka miwili, chombo kile kile, na mbili zilizotangulia, kwa maneno yake, zimekufa kwa kukosa grisi. Ya kwanza sijui aliyeiweka. Ya pili niliiweka mimi, na kosa langu nitalikiri huko mbele, lakini halina uhusiano na grisi.

Bushi ya yoti ni ganda la shaba lenye mpira ndani, na mpira umechongwa mifereji kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Watu wanaiona mifereji ile kama urembo. Chombo kikienda, maji ya bahari hupita humo, hupoza mpira, husomba mchanga, na shafti huzunguka juu ya utando mwembamba wa maji. Ukijaza grisi, njia imeziba, mchanga wa kriki, huu mkono wa bahari tunamoegesha, unanasa, na hapo umejitengenezea msasa.

Wapo mafundi wenzangu wanaosema grisi inayeyusha mpira. Nao wanatia chumvi. Mpira wa bushi nzuri ni naitraili, jamii moja na sili za mafuta, na grisi kidogo haiuui. Kinachoiua ni kukosa maji. Ndiyo maana yule anayeisukuma zinki ya shafti (kipande kinacholiwa na chumvi badala ya shafti) mpaka ikabane mdomo wa bushi, au anayepaka rangi ya chini ya chombo juu ya mifereji, ananiletea kazi ile ile bila hata kugusa grisi.

Imani hii nadhani najua ilikotoka. Majahazi ya mashine na boti nyingi za zamani zina bushi ya shaba tupu ndani ya bomba la shafti, na juu yake kikombe cha grisi. Kila asubuhi baharia anakaza kifuniko kidogo. Ile inataka grisi, na ukiinyima inakufa kweli. Sasa mtu amelelewa kwenye jahazi, anapanda yoti na dawa ile ile. Simlaumu. Nachoka tu.

Kujua kama imekwisha si kazi. Shika propela, isukume juu na chini, halafu kushoto na kulia. Shafti ya milimita 25 ikicheza milimita moja na nusu, mimi nabadilisha. Nakiri nimeshatoa bushi ambazo pengine zingehimili mwaka mwingine, kwa sababu chombo kilikuwa tayari kimekaushwa na sikutaka mwenyewe agharamike mara mbili. Mtetemo peke yake msiuamini: chaza waliokwama kwenye jani moja la propela, au mshipi wa nailoni uliojisokota kwenye shafti, vinatosha kutikisa vikombe jikoni.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni hili: imeliwa upande gani? Bushi imekaa, shafti inazunguka. Kwa hiyo bushi ikiliwa upande mmoja, huku shafti imesuguliwa sawasawa mduara mzima, shafti inaegemea hapo siku zote, yaani mashine haiko mstari mmoja nayo. Bushi ikiliwa mduara mzima, na shafti ina mng'aro upande mmoja tu, basi shafti imepinda au propela imepoteza mizani. Zote zikiliwa sawasawa, ni umri na mchanga, lipa uende zako. Ndiyo sababu kabla sijaitoa naikwaruza alama kwa kisu upande wa juu. Bushi iliyotoka bila alama ni shahidi bubu.

Ya nahodha wangu ilikuwa imebaki unene wa karatasi upande wa kushoto. Kulia mifereji ilikuwa na kina kama ya dukani. Nikaingia chini kwenye mashine: miguu miwili ya mpira inayobeba mashine upande wa kushoto imelowa dizeli inayovuja kwenye filta, imelainika, imedidimia. Nikafungua boliti za kaplingi, kiungo cha mashine na shafti, na kupima mwanya kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia: upande mmoja haipiti hata ya milimita 0.05, upande wa pili inapita 0.6. Kaplingi ya milimita 100 ninairuhusu 0.1, basi. Nikaizungusha shafti robo, mashine nimeiacha palepale. Mwanya mpana ukabaki upande ule ule. Ungezunguka pamoja na shafti, ningesema kaplingi au shafti imepinda.

Na hilo ndilo kosa langu la mara ya pili. Maji ya bamvua yalikuwa yamepwa, saa nne asubuhi chombo kimekauka, kabla ya saa nane yamenifika magotini. Nikabadilisha bushi, nikafunga, nikaondoka. Mashine sikuitazama.

Kuibadilisha kwenyewe ni mambo ya haraka. Legeza skrubu zinazoishika, tumia pula ya kuivutia nje, au ingiza ubapa wa msumeno wa chuma na kukata ganda kwa urefu mara mbili, taratibu, usiguse mguu wa shafti, ule unaoishika bushi nje ya chombo. Nyundo kwenye mguu ule weka mbali: ukiupinda umehamisha mstari wote. Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha, ipake maji ya sabuni, igonge kwa kipande cha mti. Skrubu zikazwe kidogo tu, zisije zikabonyeza ganda likaibana shafti. Na mashine isiwashwe nchi kavu kuonja. Mpira mkavu unaungua upesi.

Kuhusu mstari, haupimwi chombo kikiwa kimekalia mkuku ufukweni. Mwili wa chombo majini si ule wa nchi kavu, na nyaya za mlingoti zikikazwa unajivuta tena. Nimewahi kupima juu, safi kabisa. Kesho yake kikielea, robo milimita imetoka. Sasa nasubiri siku nzima ndani ya maji. Wateja hawapendi, wanadhani nahesabu siku ili niongeze bei.

Miguu mipya ya mashine tumeagiza, filta imeacha kuvuja. Nahodha bado hajaiweka chini ile pampu. Nimempeleka kwenye winchi zake za kuvutia kamba za tanga, ambazo zinalia kama mbuzi wa Idi, nikamwambia aanzie hapo.