Farasi wa Mtoto Si Ng'ombe wa Baba

"Daktari, si mnyama tu? Sisi kwetu tumefuga ng'ombe tangu sijazaliwa." Maneno hayo ya mzazi aliyemnunulia mtoto wake farasi nayasikia Njiro, nayasikia Usa River, nayasikia Kibosho kwenye ua uliozungukwa na migomba. Mara nyingi anayeyasema ananiongoza kwenda bandani, na bandani kuna farasi anayejigaragaza, jasho linamtoka shingoni, na mtoto amesimama pembeni hajui ashike wapi.

Mzazi wa mjini ambaye hajawahi kufuga hata kuku hanisumbui. Anauliza, naeleza, anaandika kwenye simu yake. Anayenitoa jasho ni yule aliyekulia kwenye ng'ombe, kwa sababu ana jibu tayari kwa kila kitu, na jibu lake ni sahihi kabisa kwa mnyama mwingine.

Tuanze na tumbo, maana ndilo linalonitoa kitandani usiku. Ng'ombe anacheua. Tumbo lake la kwanza huchukua zaidi ya lita 100, na humo chakula huchachushwa taratibu kabla hakijaenda mbele. Farasi hacheui. Farasi wa kilo 450 ana tumbo la lita 8 hadi 15 hivi, yaani halifikii hata debe moja, na kazi ya kuchachusha majani hufanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Ukimmwagia ndoo ya pumba na mahindi ya kuparaza kila jioni kama unavyomfanyia ng'ombe wa maziwa, wanga unamshinda. Unapita utumbo mwembamba haujasagwa, unafika nyuma, bakteria wanaushambulia, gesi inajaa na tindikali inapanda. Hapo utapata koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, au laminaitisi, yaani uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato, au vyote viwili. Mwenye ng'ombe hushangaa sana nikimwambia kwamba kwato zinazouma leo zimeanzia kwenye ndoo ya juzi.

"Lakini anaipenda, daktari." Najua anaipenda. Na mtoto wako anapenda peremende.

Kitu farasi anachotaka ni majani makavu, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa huyo wa kilo 450 ni kilo 7 hadi 9, na ayale kidogo kidogo mchana na usiku, si kwa mikupuo miwili. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa vizuri zinatosha. Maji awe nayo muda wote, maana kwa siku anaweza kunywa lita 25 hadi 50. Poni, yaani farasi wa kimo kifupi, anayetembezwa na mtoto Jumamosi na Jumapili hahitaji nafaka hata kiganja. Na nyasi mbichi za bustani zilizofyekwa asubuhi na kulundikwa kwenye kiroba hadi jioni usimpe: zimeshaanza kuchacha.

Sasa akishaumwa tumbo, ndipo ule ujuzi wa ng'ombe unapotaka kuua kabisa. Ng'ombe akivimbiwa, wazee wetu humnywesha mafuta ya kula kwa chupa, na mara nyingi inasaidia. Farasi akifanyiwa hivyo, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na ukaniita kwa ajili ya koliki nikakuta na nimonia juu yake. Soda, vivyo hivyo. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umebana kiasi kwamba tumbo linaweza kupasuka kabla kitu hakijarudi mdomoni, na likipasuka hata mimi sina la kufanya. Ondoa chakula, piga simu. Akitaka kujibwaga chini kwa nguvu, mtembezeni polepole, tena mtu mzima ndiye ashike kamba. Wala msimtembeze mpaka achoke hoi eti apone.

Mahindi mabovu yana habari yake. Kwetu hayatupwi, "tutampa mnyama." Yakiwa na ukungu wa aina ya Fusarium yana sumu inayoitwa fumonisini, na farasi haivumilii hata kidogo ukilinganisha na ng'ombe. Inaozesha ubongo wake, na neno hilo nalitumia kwa makusudi: sehemu nyeupe ya ubongo huyeyuka. Ataanza kuyumba, ataegemeza paji la uso ukutani na kusukuma, ataacha kuona, na siku moja au mbili baadaye amekufa. Dawa hakuna. Kuyaanika tena juani au kuyakaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Ndoo ya jirani nayo si salama. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama na vya ng'ombe huwekwa dawa iitwayo monensini. Kiasi ambacho ng'ombe anakibeba bila shida kinaweza kusimamisha moyo wa farasi. Kama banda la kuku na banda la farasi yanatazamana, na huku kwetu ndivyo ua nyingi zilivyo, chakula cha kuku kikae kwenye pipa lenye mfuniko na mlango uwe na komeo. Dawa ya kupe pia: yenye amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe, inapunguza mwendo wa utumbo wa farasi mpaka choo kinakwama. Soma kibandiko. Kama kimechanika, usiitumie.

Watoto ndio wasaidizi wangu wazuri katika haya yote, kuliko baba zao. Kila mtoto mwenye farasi namwachia kazi ya kuhesabu marundo ya mavi. Farasi mzima hutoa 6 hadi 12 kwa siku, na mtoto anayejua kwamba wake huacha manne kila asubuhi bandani ataona mapema siku yakiwa mawili, madogo na makavu. Namfundisha pia kuweka sikio ubavuni, nyuma kidogo ya mbavu, asikilize ngurumo. Kimya ndicho kibaya. Halafu mapigo, kwa vidole viwili chini ya taya, kwenye ule mshipa unaoteleza juu ya mfupa: 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia. Mtoto wa darasa la tano anaweza, nimewaona. Akinipigia simu na kuniambia, "Shikamoo daktari, mapigo ni sitini na hajanya tangu jana," nawasha gari palepale. Baba yake huniambia "amenuna kidogo."

"Ng'ombe wote hapa wazima, basi hakuna ugonjwa." Ugonjwa wa farasi wa Afrika haumgusi ng'ombe. Ni kirusi chenye aina tisa, husambazwa na usubi, si mbu, wala farasi haambukizi mwenzake kwa kugusana. Pundamilia huwa nacho bila kuonyesha dalili, na sisi tunaishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Farasi asiye na kinga ugonjwa ukimshambulia mapafu, karibu wote hufa, povu likiwatoka puani. Chanjo ipo, na hutolewa kabla ya msimu, si siku mvua za masika zimeshaanza na usubi umejaa. Pamoja na chanjo, mwingize bandani kabla jua halijazama na umtoe likishapanda, maana usubi huuma zaidi saa hizo.

Kuna lingine ambalo nalo limezaliwa kwenye zizi la ng'ombe: umri. Ng'ombe wa miaka kumi na tano ni bibi kizee, kwa hiyo mzazi akionyeshwa farasi wa umri huo anaona anaibiwa. Anachukua wa miaka miwili, "wakue pamoja na mtoto." Nani atamfundisha mwenzake? Farasi akitunzwa hufika miaka 25 hadi 30. Kupandwa huanza akiwa na miaka mitatu au minne, na uti wa mgongo wake hukomaa mwisho kabisa, kwenye mitano au sita. Mtoto anayeanza anahitaji farasi wa miaka 12 hadi 18 aliyeshaona lori, mbwa, mwavuli na bodaboda, na ambaye hakuna kelele ya mtoto inayomshtua tena. Huyo mwenye mvi usoni ndiye ghali kwa haki.

"Farasi hulala wima." Husinzia wima, ndiyo. Usingizi mzito anaupata akiwa chini, kwa hiyo banda liwe na nafasi na matandiko makavu. Na asikae peke yake. Punda humfaa kama mwenzake, ila huwa na minyoo ya mapafu ambayo punda mwenyewe haimsumbui sana, basi apewe dawa kwanza.

"Akianguka, arudi juu papo hapo asije akaogopa." Akiwa amegonga kichwa, hapana. Kichwa kinauma, anatapika, anauliza swali lilelile mara mbili: hospitali, na asipande mpaka daktari wa binadamu aseme. Kofia iliyopigwa chini kwa nguvu haitumiki tena hata kama haina ufa. Ya bodaboda si mbadala, ni nzito na haikutengenezwa kwa maanguko ya namna hiyo.

Bibi wengi, wa Machame hasa, huniuliza pembeni kwa sauti ya chini kama kupanda farasi kutamharibia mjukuu wa kike kizazi. Hakuharibu, bibi. Wasiwasi wako uhamishie miguuni: anapanda na kandambili, na mguu ukizama wote kwenye kikuku, ile pete ya tandiko ya kukanyagia, akaanguka, farasi atamburuta. Mnunulieni buti zenye kisigino kidogo.