Oktoba mosi ya misimbo ya magonjwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Septemba ikielekea ukingoni, sisi tunaoandika misimbo ya magonjwa kwa ajili ya hospitali za Marekani huanza kuulizana maswali yaleyale ya mwaka jana. (Nasema misimbo, si kodi, maana kodi tunayo ya nyumba na ya serikali, inatosha.) Msimbo ni herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa kwenye dai la malipo linalopelekwa bima. Kitabu chenye orodha yake ni ICD-10-CM. Kilianza kutumika Marekani tarehe 1 Oktoba 2015, kikachukua nafasi ya ICD-9-CM, na sasa kina misimbo zaidi ya 74,000. Kila mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unapoanza, yaani Oktoba mosi, kinafanyiwa marekebisho, na kila mwaka uvumi hutangulia kufika kabla ya orodha.

"Msimbo mpya maana yake ugonjwa mpya."

Mara chache sana. Chukua mgongo. Kwa miaka mingi maumivu ya chini ya mgongo yalikuwa M54.5, na hakuna mwandishi wa misimbo ambaye hakuujua kwa kichwa. Mgonjwa aliyeonwa na daktari Alhamisi ya tarehe 30 Septemba 2021 aliandikiwa huo, basi. Aliyekuja kesho yake, Ijumaa, na mgongo unamuuma palepale, akiandikiwa M54.5 dai lake linarudi. Kuanzia siku hiyo msimbo ule ulikuwa umepasuliwa vipande vitatu: M54.50 kama daktari hakutaja aina, M54.51 kwa maumivu yanayotokana na pingili zenyewe za uti wa mgongo, na M54.59 kwa mengineyo. Siku hiyohiyo kikohozi nacho kiligawanywa: R05.1 cha ghafla, R05.3 sugu, hadi R05.4 cha kumfanya mtu azimie. Hakuna aliyeanza kukohoa kwa mtindo mpya usiku ule. Kilichobadilika ni swali analoulizwa daktari.

Ndiyo maana hesabu za kila mwaka hazipaswi kumtisha mtu. Oktoba 2022 iliingiza misimbo mipya 1,176, na mojawapo ya makundi makubwa lilikuwa la ugonjwa wa kusahau wa uzeeni: umefikia kiwango gani, unaambatana na fujo, huzuni au wasiwasi? Oktoba 2024 iliingiza 252 tu.

"Kuna muda wa kuzoea kabla hawajaanza kukataa madai."

Ulikuwepo. Zamani kulikuwa na siku 90 ambazo msimbo wa zamani na mpya ilikubalika yote, na siku hizo zilifutwa kuanzia 1 Oktoba 2004. Kinachowachanganya watu ni ule mwaka mmoja baada ya Oktoba 2015, ambapo bima ya serikali ya Medicare ilikubali kutokataa madai ya madaktari kwa kosa la kutotaja undani wa kutosha, mradi msimbo uwe wa familia sahihi. Mwaka ule uliisha Oktoba 2016. Bado nakutana na watu wanaousubiri.

Hapa tarehe ndiyo kila kitu, na si tarehe ya kutuma dai. Huduma iliyotolewa tarehe 29 Septemba inabeba misimbo ya zamani hata ukiituma Desemba. Kwa mgonjwa wa kulazwa hutazamwa siku aliyoruhusiwa: kaingia wodini tarehe 28 Septemba na nimonia, katoka tarehe 3 Oktoba, basi faili lake zima ni la misimbo mipya, pamoja na zile siku alizolala Septemba. Huu ndio mtego unaowanasa hata wazoefu, kwa sababu mkono unaandika kwa kufuata ukurasa wa kwanza wa faili.

"Mabadiliko ni ya Oktoba tu."

Kuna Aprili mosi pia, nayo imezoeleka katika miaka ya karibuni. Mfano mkubwa ni Uviko. U07.1 ulianza kutumika Marekani tarehe 1 Aprili 2020, bila kungoja Oktoba. Waliotoka hospitalini Machi hawakuhamishiwa huko. Waliandikiwa ugonjwa uliowapata, tuseme nimonia, pamoja na B97.29, msimbo wa virusi vingine vya korona. Msimbo haurudi nyuma. Mtu anayetafuta wagonjwa wa mwanzo wa janga kwa kutafuta U07.1 peke yake hatawaona.

"Wana msimbo wa mtu aliyefyonzwa na injini ya ndege mara ya pili."

Hii ndiyo niipendayo. Ni kweli V97.33XD upo, na ni kweli unahusu mtu kufyonzwa na injini ya ndege. Upo pia W61.62XA wa mtu aliyegongwa na bata. Lakini ile D ya mwisho haisemi amefyonzwa tena. Herufi ya saba inaeleza mgonjwa yuko hatua gani ya matibabu: A ni matibabu yenyewe yanaendelea, D ni marudio wakati jeraha linapona, S ni kilema au athari iliyobaki baadaye. Wanaocheka injini wameisoma D kama hesabu ya ajali.

Na wenzangu wasicheke sana, maana wengi wetu tunaikosea A. Tunadhani ni "mara ya kwanza kuonwa". Mgonjwa aliyevunjika mkono akaonwa na daktari wa dharura leo, kisha wiki ijayo akafanyiwa upasuaji na bingwa wa mifupa, anabaki na A kote kuwili, kwa kuwa bado anatibiwa. D huanza pale anapokuja kuangaliwa kama mfupa unashika vizuri. Misimbo hii ya bata na injini, kwa taarifa yako, hakuna sharti la nchi nzima la kuiandika. Jimbo au bima ikiitaka ndipo unalazimika.

"Kampuni za bima ndizo zinazoitunga."

Hapana. Misimbo ya magonjwa inasimamiwa na NCHS, kituo cha takwimu za afya kilicho chini ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Mapendekezo hujadiliwa katika mikutano ya wazi, Machi na Septemba, na mtu yeyote anaweza kupeleka lake: daktari, chama cha wagonjwa, hata kampuni. Bima hutumia kilichoamuliwa. Wala msimbo mrefu hauleti malipo makubwa. Kwa mgonjwa wa nje, msimbo wa ugonjwa unajibu kwa nini alihudumiwa. Bei hutokana na msimbo wa huduma.

"Programu itajisasisha yenyewe."

Orodha, ndiyo. Kwenye kliniki moja niliyoifanyia kazi, programu ilikuwa imesasishwa vizuri kabisa, lakini daktari aliendelea kuweka tiki kwenye karatasi yenye misimbo iliyochapishwa mwaka juzi, na mhudumu wa dirishani akawa anainakili kama ilivyo. Wiki mbili za madai zilirudi. Tena programu haijui alichofikiri daktari. Tangu 1 Oktoba 2024 unene uliopindukia una madaraja matatu, E66.811, E66.812 na E66.813. Uzito na urefu viko kwenye faili, hesabu ni rahisi, mkono unawasha. Lakini kama daktari mwenyewe hakuandika kuwa mgonjwa ana unene huo, mwandishi wa misimbo hana ruhusa ya kumwandikia. Unamrudishia swali, unasubiri.

"ICD-11 imeshatoka, kwa hiyo Oktoba ijayo tunahama."

ICD-11, toleo linaloifuata ICD-10, ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019, ikaanza rasmi 1 Januari 2022. Kuhama ni uamuzi wa kila nchi, na Marekani iliipokea ICD-10 kwa madai ya wagonjwa miaka zaidi ya ishirini baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuiidhinisha mwaka 1990. Tena CM si kitabu cha WHO. Ni cha Wamarekani, kilichopanuliwa kwa matumizi yao, kama Wajerumani walivyo na chao na Waaustralia chao. Hata ndani ya Marekani vinatumika viwili: mtu akifariki wodini, bili yake inaandikwa kwa ICD-10-CM, lakini chanzo cha kifo chake kinaingizwa kwenye takwimu kwa ICD-10 ya WHO, tangu 1999. Uzuri ni kwamba mashina yanafanana. Aliyejifunzia kitabu cha WHO akifungua CM na kukuta B54, hana haja ya kuuliza: ni malaria, ambayo haikutajwa aina.